Kidonge cha Mbwa wa Papa Kunda

Mama Régine aliwadharau wenye mbwa wote wa komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, wala hakuficha. Mbwa wenyewe aliwapenda. Miaka kumi aliosha vizimba vya wanyama katika kliniki ya mifugo ya chuo kikuu, kule Kasapa, akijifunza kwa macho kila walichofanya madaktari. Sasa alizunguka kwa miguu na begi la dawa za minyoo, akiingia nyua za watu na kuwaambia waziwazi kwamba ni wajinga. Walimwita hata hivyo, maana hakuna mwingine aliyekubali kuchungulia mavi ya mbwa.

Aliyemdharau kuliko wote ni Papa Kunda, mchomeleaji wa milango ya vyuma. Mbwa jike wake alikuwa mifupa mitupu. Mara mbili alizaa, na mara mbili watoto wote walikufa matumbo yamevimba, Kunda akadai jirani amewaroga. Ujinga gani huo!

Mara hii walizaliwa watano. Walipofikisha wiki mbili, Régine aliwanywesha dawa mmoja mmoja, kisha akatoa kidonge cha mama yao.

"Ule mama apana," Kunda akasema. "Mbwa ya minyoo njo iko mukali, juu ya njaa. Ukimutoa ile minyoo atashiba, atalala, mwizi ataingia kubeba byuma byangu."

"Papa Kunda, batoto banapata minyoo kwa mama yao, mu tumbo na mu maziwa. Unapanguza maji chini, robine unaacha wazi!"

"Nimesema apana."

Régine akafyonya. Sikio la kufa halisikii dawa. Kunda akampa mgongo, akavaa miwani ya kazi na kuendelea kuchomelea. Mbwa akaja kumnusa Régine mkono, akangoja. Régine akakirudisha kidonge mfukoni, akaenda zake kichwa juu. Huyu mjinga ataomba mwenyewe, alijiambia.

Alirudi baada ya wiki mbili kwa dozi ya pili. Yule mbwa mkali hakuinua hata kichwa alipoingia. Mavi yalitapakaa uani vilevile, hakuna aliyejisumbua kuyazoa. Watoto wanne walikuwa wamezikwa nyuma ya karakana. Wa tano alilala ubavu, fizi nyeupe pe, akihema kwa shida.

Kunda alisimama, kofia mkononi. "Mama Régine, nilikosa. Mupatie mama yake pia, nakuomba."

Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja. Jibu la kumkata Kunda maini alikuwa amelitayarisha njiani. Badala yake alichutama, akakificha kidonge ndani ya tonge la bukari, na mbwa akakimeza bila kutafuna.

Haikuchukua hata dakika. Siku ile, Kunda alipompa mgongo, ingechukua muda huohuo, na watoto walikuwa bado watano. Lakini Régine alitaka aombwe.