Mama Mdogo Awatembelea Watengeneza Mvinyo

Mama mdogo alipojishindia kwenye bahati nasibu ya kazini safari ya watu wawili kwenda kisiwa cha mashamba ya mvinyo, alinichukua mimi, ingawa husema chuo kikuu kilinifundisha kubisha tu. Tulitoka nyumbani Randburg na masanduku mawili. Langu lilikuwa na nguo. Lake lilikuwa na unga wa ugali, majani ya chai na sukari.

"Mama, tunaenda kiwanda cha mvinyo," nikamwambia. "Watu hulipa, huonja, huondoka."

"Utaingiaje kwa watu mikono mitupu? Ndivyo mlivyofundishwa huko chuoni?"

Kisiwa kilikuwa cheusi kama sufuria iliyoungua. Mizabibu ilijilaza kwenye mashimo ya majivu ya volkano, ikijikinga na upepo. Mwenye shamba alitusihi tusiwe na haraka. Hakujua anamwambia nani. Mama mdogo alimkabidhi unga kwa mikono miwili, akajitambulisha: jina, kanisa, na kwamba ameokoka. Kisha akamkazia macho mtalii Mjerumani aliyeketi kando yake mpaka naye akasimama kujitambulisha. Meza nzima ikafuata. Mzee mmoja alilia alipofika kwenye habari za marehemu mkewe.

Glasi zikaja. Hapo ndipo mama mdogo alipobanwa. Alikuwa ameapa mbele ya kanisa kwamba pombe haitagusa ulimi wake. Na kwao alikolelewa, kukataa cha mwenyeji ni kumtukana. Watalii wakaanza kutema mvinyo kwenye ndoo.

"Wanamtemea mwenyeji mbele ya macho yake!" akaninong'oneza.

"Ndiyo desturi yao. Tema na wewe."

"Na ulimi utakuwa umefanya nini?"

Mwenye shamba alikuwa amesimama mbele yake, akitabasamu, akingoja.

Mama mdogo akainua glasi, akafumba macho.

"Tuombe."

Aliombea mizabibu. Aliombea volkano iendelee kulala, ndoa ya Mjerumani, na roboti za Randburg, zile taa za barabarani zinazozimika kila mvua ikinyesha na kuyaacha magari yagombane njia panda. Nilifumbua jicho moja. Wote wameinamisha vichwa, na Mjerumani mashavu yamemvimba kwa mvinyo, hajui kama kutema kunaruhusiwa katikati ya sala. Akameza.

Dereva wa basi letu akapiga honi, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Amina."

Akaiweka glasi mezani ikiwa imejaa, akamkumbatia mwenye shamba, tukatoka.

Ndani ya basi nikamuuliza kama Mungu hakuuona ujanja ule.

"Ujanja gani?" akasema kwa hasira. "Nilikuwa sijafika hata kwa wagonjwa."