Sanduku la Viazi Lililokwenda Bukundi

Mimi si mtu wa safari, na majirani zangu wa Bariadi wanalijua hilo. Kabla ya safari hii, mbali kabisa nilikuwa nimefika Dutwa, na hata huko niliondoka kabla chakula cha wenyeji hakijaiva, jambo ambalo kwa Wasukuma ni jirani wa tusi. Kilichoning'oa ni mdomo wangu mwenyewe. Krismasi, dada yangu Minza aliyeolewa Bukundi alikuja kututembelea, nami nikamsimulia sanduku la kukaushia vyakula kwa jua, nililoliona kwenye semina katika ukumbi wa parokia. "Lile hata mimi nalitengeneza," nikasema, maana nilikuwa nimeshiba.

Viazi vitamu vilipoanza kuchimbwa, dereva wa lori la mnunuzi wa pamba alisimama mlangoni pangu.

"Dada yako anasema ulete sanduku."

"Sanduku gani?"

"Kasema utauliza hivyo hivyo. Kasema ulete."

Msomaji asiye wa kwetu ajue kwamba michembe ni viazi vilivyokatwa vipande na kukaushwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo huanikwa. Ukivichanganya viwili hivi mbele ya mwanamke wa Kisukuma, siku hiyo utakula kwa macho. Mwaka uliotangulia, mvua iliyochelewa kuaga ilinyeshea michembe ya Minza ikaota ukungu. Mama mkwe wake, mayu Holo (mayu kwetu ni mama), alitangaza kwamba mikono ya mkamwana wake ina umande. Akaichukua kazi ya kuanika, na kihenge chote cha chakula kikawa chini yake. Safari hii Minza alikuwa ameomba sehemu ya viazi ajaribu tena. Vikiharibika, kihenge hatakishika maadamu mayu yu hai, na miezi ya njaa atakuwa mtu wa kunyoosha bakuli.

Basi nikagonga misumari. Mbao zilikuwa za makasha, na juu nikatandaza nailoni, ile iliyojaa madukani tangu biashara ilipoachiwa huru na kila mwenye baiskeli akawa mfanyabiashara. Sanduku la semina lilikuwa na matundu, mengine chini mbele, mengine juu nyuma. Nikadhani fundi wao aliishiwa mbao. Langu sikuacha hata pa kupita sisimizi.

Alfajiri tukaondoka Bariadi, mimi nyuma ya lori juu ya magunia matupu, nimelikumbatia sanduku kama bibi harusi. Mke wangu alinifungia chakula cha kumtosha mtu anayekwenda Kigoma. Kilikwisha kabla hatujauacha mji.

Lagangabilili tulifika jua likianza kuchoma. Miezi ile kila mahali palikuwa na habari za uchaguzi wa vyama vingi, na mama mmoja muuza karanga alilitazama sanduku langu, akaweka ungo chini.

"Hilo ndilo la kura?"

"La viazi, mama."

"Heee! Mwaka huu hadi viazi vinapiga kura!"

"Afadhali viazi," akadakia mwenzake. "Vinajulikana vimetoka shamba gani."

Nikanunua karanga ili wanyamaze. Walizipokea pesa, hawakunyamaza.

Kutoka hapo hadi Mwanhuzi nilikula vumbi. Tuliposimama hapo, dereva aliponiona naangalia tulikotoka akauliza kama nimeanza kulia. Nikamwambia ni vumbi. Akasema ndiyo, vumbi la Bariadi.

Bukundi tuliingia jua limeinama. Shemeji Maduhu, mume wa Minza, alikuwa amekuja na mkokoteni wa ng'ombe.

"Shemeji! Kumbe unaweza kutoka Bariadi na usife!"

"Bado hatujafika kwako," nikamjibu.

Nyumbani, mayu Holo alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwembamba, macho yake hayapitwi na kitu. Nikainama. "Mwadila, mayu." Akaitikia vizuri, akaniuliza habari za ng'ombe wangu, ambao sina, kisha akaligusa sanduku kwa fimbo.

"Hiki nini, baba?"

"Cha kulazia viazi, mayu, vikauke."

"Viazi vyangu hulala chini. Havijawahi kudai kitanda."

Kesho yake Minza alikata viazi vyembamba, akavipanga ndani. Nikakaza kifuniko, nikakaa kivulini kupokea pongezi mapema. Alasiri nailoni ilikuwa imejaa matone kwa ndani. Tulipofungua, mvuke ulitupiga usoni, na harufu ilikuwa ya jikoni. Mayu akachukua kipande. Kikalegea kama sikio la mbuzi.

"Minza. Kaka yako katuletea michembe au matobolwa?"

"Michembe, mayu."

"Mbona imeiva?"

Maduhu alicheka hadi akashika nguzo. "Hii ni michembolwa!" Kufika machweo jina hilo lilikuwa langu. Nilisalimiwa Michembolwa kisimani, nikasalimiwa Michembolwa kwenye mashine ya kusaga, na watu ambao sikuwahi kuwaona.

Minza hakucheka. Alikuwa ameshatumia nusu ya viazi alivyopewa. Aliniita jikoni.

"Kaka, lile la semina lilikuwa hivi hivi kabisa?"

"Lilikuwa na matundu, chini mbele na juu nyuma. Nikaliboresha."

"Ukaliboresha vipi?"

"Nikayaziba."

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mbuzi aliyekula kanga. Alichomeka nondo katikati ya mafiga, akachochea moto hadi ikawa nyekundu, akatoka nayo uani mbele ya mayu na kila mtu, akaanza kutoboa. Moshi wa mbao ukatanda.

"Nzi wataingia!" nikalia.

"Mvuke nao utatoka. Shika hapa, acha kelele."

Matundu yote akayawamba vipande vya chandarua kilichochakaa. Mayu Holo alitazama, akachukua kikapu chake cha viazi, akaenda kuvianika juu ya mikeka kama alivyovianika tangu ujana wake. Hakuna aliyemlaumu. Nusu iliyobaki ya Minza ikaingia sandukuni, na mimi nikakosa usingizi kwa ajili ya viazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne.

Siku zilizofuata jua lilikuwa kali, na vipande vya Minza vikaanza kujikunja pembeni. Kisha, mchana mmoja, wingu likatokea upande wa mashariki, jeusi, halikubisha hodi. Kijiji kizima kikachomoka. Wanawake walikuwa wanakunja mikeka, kuku wanakanyagwa, watu wanaitana kwa majina. Minza alikuwa anapembua mchele. Akaendelea kupembua.

"Minza! Wewe! Kimbia, mvua!" mayu akapiga kelele.

"Yangu iko ndani, mayu."

Ndipo akaweka ungo chini, akakimbia, lakini kwenda kwenye mikeka ya mayu. Mimi na Maduhu tukamfuata. Hata hivyo mvua ilituwahi. Karibu nusu ya michembe ya mayu ililowa.

Mvua ilipokatika, Minza alifunua sanduku. Vipande vilikuwa vikavu, vyeupe. Alipovishika vikagongana na kulia kama kokoto. Mayu Holo alisimama kando, kikapu cha vipande vilivyolowa kikiwa kiunoni. Alikohoa kidogo.

"Humo," akasema, "kuna nafasi?"

"Ipo, mayu. Hii yangu inatoka." Minza akakipokea kikapu kwa mikono miwili, akapiga goti. Yule aliyesema habari za umande hakuitazama mikono ile. Alitazama matundu.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilikuta michembe ya wote wawili imo kwenye kihenge kimoja, na mayu ameketi nje akiota jua. Akauliza kwa sauti: "Minza! Leo tunapika nini?" Mwaka mzima swali hilo lilikuwa la Minza kumuuliza yeye. Maduhu alinikonyeza, akaenda kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni.

Nimerudi Bariadi nimelala juu ya pamba, na furushi la michembe chini ya kichwa. Nilichojifunza ni kwamba kifaa kipya hakisadikiwi kwa maneno ya aliyekibeba, na hasa aliyekibeba akiwa mtu wa maneno mengi. Husadikiwa siku ya wingu, watu wote wakiwa wanakimbia na mmoja hana sababu ya kukimbia. Wenye kutaka masanduku waje, mbao ninazo. Matundu nitaacha mke wa kila nyumba atoboe mwenyewe.