Kuku wa Funza

Bwana mifugo alipokuja kutoka Kilindoni kunifundisha, alisema mabuu. Mabuu wa nzi weusi, wanaokula samadi ya ng'ombe. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa upande wa pili wa ua wa makuti akisikiliza yasiyomhusu. Neno mabuu halikumfaa. Alichukua neno funza, akalitembeza Kirongwe nzima.

Kwetu funza ni yule anayeingia kwenye kidole cha mguu wa mtu mchafu. Sema fulani ana funza, umemmaliza. Na wifi hakusema uongo, ndilo lililoniuma. Alisema tu, kisimani na misibani, "Mke wa kaka siku hizi anafuga funza," kisha akanyamaza watu wamalizie wenyewe. Nikaanza kuona macho ya watu yakishuka miguuni kwangu kabla ya salamu.

Na yeye ndiye aliyenisukuma huko! Samadi ilikuwa imerundikana nyuma ya banda langu la ng'ombe, nzi wa nyumbani wakaingia mpaka kwenye chai yake, akanishtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Nikatafuta dawa kwa bwana mifugo. Nilipasua mapipa ya plastiki kwa urefu, nikajaza samadi mbichi na mapapai yaliyooza, nikaweka juu mbao zenye nyufa ili nzi weusi watage humo. Mabuu walipoanguliwa walikula bila kupumzika. Ukiinama unawasikia wanavyochakura. Harufu ikakatika, na wale nzi wa nyumbani wakapungua. Kilichobaki pipani kilikuwa chepesi kama machicha ya nazi, nikakitia kwenye bustani. Mabuu wenyewe wakishiba hugeuka weusi, hupanda ubao wa mteremko kutafuta pakavu, wakadondokea ndooni. Ndoo hiyo ndiyo chakula cha kuku wangu.

Nilikwenda kwa maalimu wa msikiti kuuliza kama kuku hao ni halali. Akaniambia nimfungie kuku wa kuchinjwa, nimlishe nafaka mpaka atakasike, kama wazee walivyowafanyia siku zote kuku wanaozurura majalalani. Nikajenga tundu la kazi hiyo. Wifi alilijua, maana liko mbele ya dirisha lake.

Miaka yote, shughuli ikitokea upande wetu, mpishi wa pilau ni mimi. Sina cheo kingine duniani. Basi ikaja harusi ya jirani, nikakaa juu ya mbuzi nianze kukuna nazi. Wifi akanishika bega, sauti imejaa asali. "Inuka, wifi yangu, leo pumzika. Watu wana kinyaa." Jiko zima lilisikia, hakuna aliyefungua mdomo. Niliinuka, nikachukua upawa wangu, nikarudi nyumbani. Nililia, lakini kwa hasira, na nikaapa kwamba huyu mwanamke nitamlipa.

Sikuhitaji kufanya lolote. Ugonjwa wa mdondo ulipita kijijini, ukafagia kuku wa wifi wote, na bintiye alikuwa anaolewa na watu wa Utende. Kuku wangu nilikuwa nimewachanja. Asubuhi moja nikasikia hodi. Wifi, na nyuma yake wanawake wawili, walewale walionyamaza jikoni.

"Wifi, aibu yangu ni yako," akaanza. "Nisitiri. Nipe kuku."

"Walio tunduni wote chukua," nikamwambia. "Wako tayari kwa kisu. Lakini hawa wengine hawajala, na mimi mgongo unaniuma. Chota ndooni uwatupie."

Aliitazama ndoo, akanitazama mimi. Mgongo wangu ulikuwa mzima kabisa, na alijua. Akakunja mkono wa baibui, akafumba macho, akaingiza mkono mpaka kifundoni. Mabuu wakamjaa kwenye vidole. Nami niliona raha ambayo sijaiona tangu nifiwe. Mwanamke mmoja akachungulia ndani ya ndoo.

"Kumbe ndio hawa?" akasema. "Mbona hawanuki? Wewe si ulituambia funza?"

Wifi aliinamia ndoo. Alichota tena na tena mpaka kuku wakashiba, akanawa kwa sabuni yangu, kisha akasema yale niliyokuwa nikiyangoja tangu siku ile ya mbuzi. "Basi utakuja kutupikia, wifi. Jiko ni lako."

Ningeweza kukubali, na yakaisha. Lile jiko nililitamani mno.

"Nitakuja kula," nikamjibu.

Siku ya harusi nilivaa gauni langu jipya, nikaketi mkekani pamoja na wageni wa Utende. Mchuzi wa kuku ulikuwa mtamu, kuku wale hata uwachemshe kwa maji matupu ni watamu. Pilau ya wifi ilikuwa bokoboko juu, chini imeungua, na moshi umeingia kila punje. Mama wa bwana harusi alisukuma tonge lake pembeni ya sinia, akauliza kwa adabu mpishi ni nani. Wanawake wa kwetu wote wakanigeukia kwa mazoea. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchuzi, akinitazama kwa macho ya kuomba.

"Ni huyo hapo," nikasema, nikamnyooshea sahani aniongezee kuku.