Udongo wa Kaburi la Baba Mdogo

Wekundu wote unafanana, na hilo ndilo limenitesa miaka yote ya kusoma miamba. Unapanda kilima hapa kisiwani Rusinga, unakuta tabaka la tope jekundu lililogeuka jiwe zamani za kale. Unavuka maji ya ziwa hadi kisiwa cha Mfangano, unakuta jingine, wekundu uleule. Ni tope moja, au ni majirani tu waliovaa sare? Macho hayasemi. Lazima usage, upime madini na kemia yake, ulinganishe. Na tabaka moja la upande wetu nilikuwa nimelitafuta mpaka basi. Mashamba yalilifunika lote.

Asubuhi ya kumzika baba mdogo, waliokuwa wakichimba kaburi bomani kwake wakarusha juu bonge jekundu lenye madoa ya kijani. Madoa hayo ndiyo alama ya tabaka nililolitafuta. Ndilo!

Mngeniona, jamani! Machozi hayajakauka, nami nachakura kando ya kaburi kama kuku. Shangazi akanidaka mkono. "Wewe! Udongo wa kaburi unaupeleka wapi?" Kwetu anayebeba udongo huo ni mchawi, hana jina lingine. Watu wote wakanitazama.

Nikamwendea mama mdogo, mjane mwenyewe, nikapiga magoti. Nikamweleza nilichokuwa nikitafuta: kama tope hilo na la Mfangano ni moja. Akaniuliza tu, "Ukijua, utaniambia?" Nikamwahidi. Akawageukia wengine: "Mwacheni abebe."

Maabara ilichukua miezi. Majibu yalipokuja, niliyasoma mara mbili. Madini yaleyale, kemia ileile, sawasawa na tabaka la Mfangano. Kumbe kabla ziwa halijakuwepo, kabla ya mtu yeyote kuitwa mtu, huku na kule ilikuwa nchi moja, mvua moja ikishusha tope moja! Niliogopa, nasema kweli. Niliinama kwenye meza ya maabara nikasali.

Nilimkuta mama mdogo akichambua omena, dagaa wa ziwani. Yeye alizaliwa Mfangano, akaolewa huku, na kwetu mke huzikwa kwa mumewe, harudi kwao. Nilimweleza polepole. Akainua macho kutoka kwenye ungo.

"Kwa hiyo, nyathina, mwanangu, hapo chini ni kwetu?"

"Ni kwenu, mama. Kabisa."

Akaweka ungo chini, akaenda mpaka kando ya kaburi, pale walipomwachia nafasi ya kaburi lake. Akavua ndala, akasimama peku.