Maziwa Yaliyomtangulia Mtoto

Nilikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, pale Kasongo, mwaka ule mama mkubwa alipokuja kutoka kwao Wamaza na kuanza kutafuta maziwa kifuani mwake. Nasema kutafuta kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakuwa na mimba wala mtoto mchanga. Kitinda mimba wake alikuwa ameshaanza kushika jembe. Mwenye mimba alikuwa mama yangu, mdogo wake, na tumbo lilikuwa limeanza kumlemea.

Kila asubuhi mama mkubwa aliketi nyuma ya jiko na chungu cha maji ya moto. Alichovya kitambaa, akajikanda matiti kuanzia kwapani kuja mbele, taratibu, kisha akayabinya juu ya kibuyu. Siku za mwanzo hakikutoka kitu. Alikunywa uji wa karanga, akala sombe mpaka nikachoka kumtwangia yale majani ya muhogo, na mchana akarudi tena kwenye kitambaa chake. Ikaja siku nikaona tone moja, la manjano kidogo. Baadaye yakawa meupe, yakajaa kiganja. Aliyamwaga kwenye shina la mgomba, mbali na sisimizi, maana kwao waliamini sisimizi wakiyanywa, ziwa hukauka.

Mimi sikufurahi. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameshanitia maneno. Baba alikuwa amekwenda Nyangwe kwa biashara ya pembe, na nyumba ilikuwa mkononi mwa bibi: mwungwana wa kujifunika, mkali wa macho, ambaye hata chumvi aliionja kwanza kabla ya kuiamini. Alinivuta ubavuni akaninong'oneza.

"Unaona ile ziwa? Ziwa ya namna ile inatengenezwa kwa yatima. Mama amekufa, amezikwa, ndipo nyanya ya mutoto anatafuta maziwa. Sasa huyu anatafuta ya nani? Mama yako si iko muzima?"

Jambo lenyewe halikuwa geni. Katika mji wetu walikuwapo vikongwe waliolea wajukuu yatima kwa matiti yaliyokauka miaka mingi, na watu waliwaheshimu. Geni lilikuwa kuanza kabla ya msiba. Kwa bibi, na kwa majirani wote aliowaambia, kumwandalia mtoto ziwa la pili mama yake angali anapumua ni kukiita kifo kwa jina lake.

Tangu hapo nikawa mlinzi. Chakula cha mama nilikionja kabla yake. Mama mkubwa alipomsuka, niliokota kila unywele ulioanguka nikautupa chooni, asije akaondoka nao. Nilimwogopa, nasema kweli, na nilimpenda vilevile, maana mikono yake ilifanana na ya mama. Miguu ya mama ilipovimba, kisha uso, bibi alinionyesha kwa kidevu tu. "Anamumaliza kidogo kidogo," alisema, nami niliamini.

Ijumaa moja, watu walipokuwa wametoka msikitini, bibi alikuja uani na majirani wawili. Mzigo wa mama mkubwa ulikuwa umeshafungwa, umewekwa mlangoni.

"Leo unarudi kwenu, weye mushenzi. Ukikataa, tutamuita mutu wa mwavi. Utakunywa, tutaona."

Mwavi niliujua hata kwa umri ule. Ni sumu, anayekufa huhesabiwa mchawi, na anayetapika huachwa aende. Mama mkubwa alimtazama mama yangu tu, na mama akasimama, ameshika nguzo ya mlango.

"Mimi ndiye nilimuita. Yaya hakujileta." Yaya ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa.

"Ulimuita akufanye nini?"

"Anyonyeshe mutoto wangu, kama nitalala tena sijijui. Mama, umesahau ule wa mwaka jana?"

Mimi sikuwa nimesahau. Kaka yangu mdogo alizaliwa na sauti kubwa, mama akatokwa na damu nyingi, akalala siku kadhaa bila fahamu. Alipoamka, mtoto alikuwa ameshazikwa. Niliambiwa ni homa.

"Hakukufa na homa," mama alisema. "Alikufa na njaa. Mama Salima alikuja na ziwa imejaa, ukamurudisha mulangoni."

Mama Salima alikuwa mmoja wa wale majirani wawili. Aliinamisha kichwa. Mwaka uliopita alikuwa akimnyonyesha Salima wake, na bibi alikuwa ameshamchagua Salima awe mke wa mjukuu wake huyo mchanga. Wangenyonya ziwa moja wangekuwa ndugu, na ndoa ingekuwa haramu. Waungwana wa Kasongo hatukuwa wengi, na ndoa zililindwa tangu utotoni. Basi bibi alimpa mtoto maji ya mchele, akingoja mama aamke.

Nilimtazama bibi nikingoja akane. Hakukana. Alivuta nguo yake kichwani.

"Basi mumeita kifo ninyi wawili," alisema. "Mimi simo."

Mzigo wa mama mkubwa ulirudishwa ndani. Na kifo kikaja. Siku zake zilipotimia, mama alijifungua mtoto wa kiume adhuhuri, damu ikatoka kama mwaka uliotangulia, na safari hii hakuamka. Kabla ya alasiri walikuwa wamemfunika. Bibi alikuwa amempakata mtoto. Mama mkubwa ameketi kando ya ukuta, maziwa yanalowesha nguo yake, hathubutu kunyoosha mkono.

"Nilisema," bibi aliniambia. "Sikusema?"

Mtoto alilia, akigeuza kichwa kifuani mwa bibi akitafuta, mpaka sauti ikaanza kukauka. Ndipo bibi akainuka, akamweka yeye mwenyewe mapajani mwa mama mkubwa, akabaki amesimama juu yao. "Anameza," alisema, na akaanza kulia.

Tangu siku ile uji wa karanga wa mama mkubwa aliupika bibi kwa mikono yake, wala hakumruhusu mwingine. Lakini chakula alichopika mama mkubwa, bibi hakukigusa mpaka alipokufa. Ndugu yangu leo ana ndevu zenye mvi.

Onyo la bibi lilitimia, siwezi kulikana. Maziwa yale kweli yalikuwa yakimngoja maiti. Kwa miaka mingi nilijiuliza kama mama mkubwa alikuwa amekiita kifo au la, na zipo siku shaka ile inanirudia. Lakini mimi nami nimezaa, na ninalolikumbuka zaidi ni asubuhi zile mama alipokuwa bado amelala ndani, akisikia kitambaa kikikamuliwa nyuma ya jiko. Alijua maziwa yale ni ya siku ambayo yeye hatakuwapo. Na kila asubuhi aliuliza kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, "Yaya, leo yametoka?"