Mviringo wa Chaki kwenye Chesisi ya Masanja

Siku yangu ya kwanza gereji sikushika spana. Nilitandikiwa gunia, nikaambiwa niingie chini ya gari la juu, lile la kupita njia mbovu, lililopandishwa kwenye magogo, nilale chali, nigonge. Aliyeniambia ni Mzee Ramadhani Kitogwa, fundi mkuu wa gereji moja pale Kilosa mjini, mtu mfupi mwenye ndevu zilizoungua upande mmoja kwa cheche. Mimi Mwanaidi nilikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, shule nimeishia darasa la nne. Juzi yake nilipita pale kuuza vyungu alivyofinyanga mama yangu, Bi Zaituni wa Munisagara, na mzee akaniona ninavyokipiga kila chungu kwa kifundo cha kidole kabla sijampa mteja. Chungu kizima kinaitika. Chenye ufa, hata ule usioonekana, kinakoroma.

"Na chuma unakisikia hivyo?" akaniuliza.

"Sijawahi kukigonga, mzee."

"Basi njoo ukigonge. Hawa vijana wangu masikio yao wameyaachia redio."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii, na sikutoka mpaka bega liliponishinda.

Ninyi wajukuu zangu mnapanda magari haya bila kuinama kuyatazama chini, kwa hiyo nieleze kidogo. Gari la juu la zamani limekaa juu ya chesisi. Hiyo ni miti miwili mirefu ya chuma, imetoka mbele mpaka nyuma, imeunganishwa na vyuma vya kukingama kama ngazi. Injini imekaa humo, bodi imefungwa humo, ekseli zimeshikwa humo. Miti yenyewe si mizito kama inavyoonekana. Ina uwazi ndani kama sanduku refu, na ina vitundu. Mto ukifurika Kilosa, gari likivuka maji, tope linaingia kwa vile vitundu na halitoki. Linakauka humo, mvua nyingine linaloa tena. Kutu ya namna hiyo inaanzia ndani. Nje unaona rangi, ndani chuma kimebaki kama ganda la kitunguu.

Kazi yangu ilikuwa kugonga kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama kopo. Penye ubovu nachora msalaba kwa chaki, penye uzima nachora mviringo. Mafundi wa kuchomelea walifuata alama zangu. Kwanza walipima kwa kamba pembe hadi pembe, kwa mkingamo, maana ukikata chesisi bila kupima, itapinda na gari litakwenda upande kama kaa. Kisha walikata mpaka wakute chuma cheupe, wakaweka kipande kipya cha unene uleule, ncha zake zimekatwa mshazari. Walichomelea kidogo huku, kidogo kule, wakaacha kipoe. Kama misalaba ilizidi, Mzee Kitogwa alimwambia mwenye gari bila kumzungusha: "Hapa hakuna cha kuziba. Tafuta chesisi ya gari lililokufa injini, tuinue bodi tuhamishe." Wengine walimtukana wakaondoka. Hakuwaita.

Alikuwa na sharti moja. Kabla ya nyundo, maji. Tulipitisha waya mrefu kwenye vitundu, tukachokonoa, tukamwaga ndoo juu ya ndoo mpaka maji yatoke safi upande wa pili. Siku nzima ilikwisha hivyo.

"Mwanaidi," aliniuliza wiki ile ya kwanza, "chungu kimejaa mtama, ukikigonga utasikia ufa?"

"Siwezi, mzee. Kinanyamaza."

"Na chesisi iliyojaa tope?"

Nikachukua ndoo.

Mzee Kitogwa alipofariki gereji ilifungwa, nikaenda Mikumi, kwenye gereji ya barabarani chini ya Meneja Gervas. Alikuwa mpole wa maneno, anavaa shati jeupe katikati ya oili, na alinisifu mbele ya wateja. "Huyu mama ni mashine ya kupigia picha mifupa," alikuwa akisema. Mafundi wakaniita Daktari. Nisiwadanganye, nilipenda.

Mteja wetu mmoja alikuwa Masanja, mkulima na mfugaji aliyehamia Malolo na mkewe Minza na mama yake mzazi, wametoka huko kanda ya ziwa. Alikuwa na gari la juu kuukuu, akibebea mahindi na watu wa kijijini kwao. Alikuwa na binti mmoja, Kabula, wa miaka tisa, aliyekuja naye mara kwa mara na kukaa kwenye matairi akinihesabia mapigo ya nyundo. Siku moja walikuja wote wawili.

"Shikamoo mama," Masanja akasema. "Naomba uniangalizie chesisi. Kesho nina safari ya mnada, sitaki aibu njiani."

"Marahaba. Uache gari mpaka keshokutwa, tulioshe kwanza."

Meneja Gervas akatoka ofisini. Pampu ya maji ilikuwa imeharibika tangu asubuhi. "Mama Mwanaidi, mtu ana safari. Masikio kama yako yanataka maji ya nini? Gonga tu."

"Bibi anasikia hata kuku akiwa ndani ya yai," Kabula akasema, watu wakacheka.

Nami nikacheka. Nikaingia chini, nikagonga. Sauti ilikuwa moja kutoka mbele mpaka nyuma, nzito, imetulia. Nilijua ni tope. Mkono ulijua. Lakini nje walikuwa wanangoja kusikia Daktari amesema nini, na mimi nikajiambia kwamba sauti isiyobadilika ni sauti ya chuma kizima. Nikachora mviringo mkubwa nyuma kidogo ya mlango wa dereva.

Kesho yake, jioni, Masanja na Kabula wakirudi kutoka mnadani, gari lilivunjika mgongo kwenye korongo kabla ya kufika Malolo. Lilikatika nyuma ya mlango wa dereva, likalala ubavu. Masanja alivunjika nyonga. Kabula alikufa palepale.

Gari lilivutwa likaletwa gerejini kwetu. Nilikwenda peke yangu kulitazama. Chesisi ilikuwa imefunguka kama muwa uliovunjwa gotini, ndani tope gumu kama tofali, chuma nilikibonyeza kwa dole gumba kikaingia. Pembeni mwa mpasuko, mviringo wangu ulikuwa bado mzima.

Meneja Gervas akaja akasimama nyuma yangu. "Askari wa ukaguzi yuko njiani. Hiyo alama ifutwe."

"Ifutwe na nani?"

"Na aliyeichora, mama."

Nikachovya kitambaa kwenye dizeli, nikaifuta. Askari alipofika aliuliza gari lilibeba nini. Meneja akamjibu kwamba lilizidishwa mzigo, na magunia sita ya mahindi yalikuwa yameonekana na kila mtu pale korongoni. Hakuna aliyeniuliza mimi kitu. Masanja alinyang'anywa leseni, na tangu siku hiyo kijiji kizima kikajua kwamba alimuua mwanawe kwa tamaa ya mzigo. Yeye mwenyewe alijua hivyo. Minza alijua hivyo.

Niliendelea na kazi miaka kumi na moja baada ya hapo. Sikugonga tena chesisi isiyooshwa. Pampu ikiharibika nilichota maji kisimani kwa kichwa, na Meneja akinung'unika namwacha anung'unike. Wengi watasema nilijifunza. Huko si kujifunza. Kila chesisi niliyoiosha ilikuwa ya mtu mwingine, si ya Masanja.

Bega liliponikataa niliagwa kwa soda na kitenge. Meneja Gervas akahutubia kwamba katika miaka yangu yote Mikumi sikuwahi kukosea. Watu wakapiga makofi. Wiki ileile nikapanda gari kwenda Malolo.

Nilimkuta Masanja nje ya nyumba yake, ameegemea fimbo, anapukuchua mahindi. Amezeeka kunipita. "Shikamoo mama," akaniambia, na akataka kuinuka kunipisha kigoda. Sikuona haki ya kuitika marahaba. Nikamwambia palepale nikiwa nimesimama: tope, pampu, mviringo, kitambaa cha dizeli.

Aliliweka chini hindi alilokuwa analipukuchua.

"Magunia sita," akasema. "Gari lile lilikuwa linabeba kumi."

"Lilikuwa linabeba kumi likiwa zima. Ubovu niliupita mimi."

"Kwa mkono huo?"

"Kwa huu."

Aliutazama mkono wangu. Sikumwomba msamaha, maana ningekuwa nimemtwisha kazi nyingine. Akaelekeza fimbo yake kwenye jiko la nje, ambako moshi ulikuwa unatoka. "Usiniambie mimi. Minza hajala na mimi sahani moja tangu tulipomzika mtoto. Nenda kamwambie yeye."

Minza alikuwa anapepeta mahindi yaliyotwangwa. Kwenye mkeka alikaa mama mkwe wake, bibi kikongwe, nikamwamkia, hakusikia. Nikasema yote tena. Minza aliendelea kupepeta mpaka nilipofika kwenye kitambaa, ndipo ungo ukasimama.

"Unasema si mzigo."

"Si mzigo."

Hakulia. Aliuweka ungo chini polepole, akanishika mkono ule wa nyundo kwa vidole vyenye unga, akanikalisha karibu kabisa na sikio la yule kikongwe.

"Mama hasikii vizuri," akasema. "Naye miaka yote hii amekuwa akimwita mwanawe muuaji. Sema tena. Sema kwa nguvu, na majirani wasikie."

Nikaanza upya, kwa sauti ya kupita ua: "Mimi naitwa Mwanaidi, wa gereji ya Mikumi. Mviringo kwenye chesisi ile niliuchora mimi."