Nilivuta sigara ili bangi itoke

Leo nimekosa lori kwa kumsikiliza rafiki yangu.

Nimekuwa utingo miaka sita. Wiki iliyopita tajiri mmoja hapa Singida akakubali kunipa gari niendeshe, ila kwanza nipimwe mkojo.

Bangi nilikuwa nimeiacha siku nane tu. Juma, rafiki yangu wa Mkiwa, akaniambia, "Vuta sigara kwa wingi. Nikotini inaisukuma bangi nje haraka."

Mimi sigara sikuwahi kuvuta. Nikaanza, pakiti kwa siku, mpaka mke wangu akahamia chumba cha watoto.

Asubuhi majibu yametoka. Bangi ipo.

Nikamuuliza mama wa maabara, "Mama, mbona bado ipo, na nimevuta sigara nyingi ili itoke?"

Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, sigara haitoi bangi. Bangi inajificha kwenye mafuta ya mwili, inatoka polepole yenyewe. Ulihitaji muda tu."

Nikampigia Juma. Anasema na yeye alisikia kijiweni.

Kama kuna mwingine aliyedanganywa hivi, aseme hapa, nisijione mjinga peke yangu.

Lori kapewa mtu mwingine. Na hizi sigara sasa nashindwa kuziacha.